Matengo ya Murembe

Mautuma, Kakamega
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwa Baba yangu, huko Gazi, pwani

Assalaam alaykum Baba, na shikamoo.

Najua anayekusomea ni Mwanasha, maana simu huisikii hata ikibandikwa sikioni. Basi Mwanasha, dada yangu, soma polepole, na usiruke mahali popote, hata pale utakapoona kaka yako amerukwa na akili. Vipi kifua, Baba? Vipi mikono? Mama alinieleza siku moja kuwa kikombe cha kahawa sasa unakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Habari ile niliibeba siku nyingi. Na Mama mwenyewe, goti limempa nafuu? Mimi ni mzima. Ukifika mwisho wa barua utaniuliza mzima wa namna gani, lakini ninakula, ninakwenda kazini, na wanafunzi wangu wa useremala hawajanishinda bado.

Uliniuliza kwa nini tezo yako ya kuchongea vyombo niliipokea toka kwa basi mwaka jana, nikashukuru, kisha nikanyamaza. Uliituma na maneno yako yale, kwamba wanao wote tumekuwa mafundi wa viti na vitanda, na siku utakapozikwa utazikwa na elimu ya ngalawa. Maneno yale yaliniuma kwa sababu ni ya kweli. Nikaapa moyoni nitaunda ngalawa huku huku bara, nipige picha, nikuletee uione kabla macho hayajakukataa kabisa. Ngalawa niliiunda. Picha sina, na sababu ndiyo barua hii.

Huku nilikopanga, karibu na nyumba, kuna bwawa. Lilichimbwa na mzungu aliyekuwa na mashamba haya zamani, kwa ajili ya ng'ombe wake. Si kubwa, ungerusha jiwe kwa nguvu zako za ujana ungelifikisha katikati. Maji yake ni meusi na matope yake hayana mwisho. Mwenye nyumba wangu ni mjane mmoja anaitwa Mama Simiyu, mwanamke mrefu, mkarimu, mchache wa maneno. Simiyu ni mwanawe wa pekee. Nilipohamia niliambiwa kijana huyo alitoka siku moja hakurudi, mwaka wa saba sasa, na hakuna ajuaye kama yuko Nairobi au yuko kaburini. Kila Jumapili mama yake hufua shati lake moja jeupe, akalianika, akalipiga pasi, akalirudisha sandukuni. Nilidhani ni mapenzi tu ya mama.

Sasa utanicheka. Ngalawa yangu si ya gogo la kuchimba, kwani miembe minene kwenye baridi hii haipo. Niliiunga kwa mbao za saiprasi, moja ya chini na mbili za ubavuni, nikaziba nyufa kwa pamba na lami. Tanga lilishonwa na Mwalimu Kageha, mwenzangu anayefundisha ushonaji chuoni, kwa magunia ya nailoni ya mahindi, na kwa mbali ungelisifu. Nilichokosa ni mti mwepesi wa matengo, yale maboya mawili ya ubavuni yanayoizuia ngalawa isipinduke. Nilitafuta wiki mbili. Kisha nikauona nyuma ya jiko la Mama Simiyu, karibu na njia ya bwawani: mti wa miiba, maua mekundu, gamba nene. Nikaupiga kwa kisu, nikaujua. Ni ule tunaouita kwetu mwambangoma, ule uliokuwa ukiniambia mtoto anaweza kuubeba na mzee akaelea juu yake. Huku wanauita murembe.

Ulinifunza kwamba mti wa mtu una mwenyewe, na mwenyewe huulizwa. Niliuliza, Baba. Nilimwendea Mama Simiyu kwa adabu zote, nikamkuta anapukuchua mahindi. Mikono yake ilisimama. Kisha akasema, "Hiyo mti? Kata tu, mwalimu. Mimi ndio nimesema." Akaendelea kupukuchua. Niliusomea Bismillahi, nikaukata mchana wa jua kali, nikalipasua gogo lake katikati, nikachonga matengo mawili kwa tezo yako. Kila moja futi sita kasoro kidogo, kichwa cha mviringo, na chini ya kichwa nikachonga shingo ya kufungia kamba, kama ulivyonionyesha. Kazi ile ilinipendeza. Niliimba peke yangu uani.

Siku ya pili yake watu waliacha kunipa mkono.

Wewe hujui jinsi watu wa huku wanavyopeana mikono, Baba. Hupiti mtu bila kushikana naye, hata kama mlishikana asubuhi. Ghafla nikawa ninasalimiwa kwa mdomo tu, kutoka ng'ambo ya njia. Mama wa chai pale sokoni, aliyezoea kunikabidhi kikombe mkononi huku akinitania kuwa sijaoa, alikiweka mezani na kurudi nyuma. Wanafunzi wangu walikataa kunisaidia kuyabeba matengo. Mmoja alisema mgongo unamuuma, na wote wengine nao migongo ikawauma. Nikafikiri ni kwa sababu mimi ni Mwislamu kati ya Wakristo, lakini miaka mitatu hilo halikuwahi kumsumbua mtu.

Na matengo hayakukauka. Mti mwepesi hukauka upesi, wewe ndiye uliyenifunza. Niliyaegemeza ukutani upande wa jua, na jioni yalikuwa makavu. Kila asubuhi niliyakuta yamelowa. Usiniambie umande, kwa maana umande hulowesha upande wa juu. Haya yalilowa pande zote, na chini yake palikuwa na tope jembamba, jeusi, lenye harufu ya bwawani. Udongo wa ua wetu ni mwekundu, Baba. Niliosha ukuta mara nne, kisha nikaacha kuosha.

Niliishusha ngalawa majini Jumamosi moja, saa tatu asubuhi. Mwalimu Kageha peke yake alikuja, akasimama mbali kwenye majani. Upepo ulitoka mashariki. Nikalifungua tanga la magunia, likajaa, na ngalawa ikaenda. Ikaenda kama ngalawa zako, Baba, bila kutikisika, na mimi mtu mzima nikatokwa na machozi katikati ya mashamba ya mahindi. Nilitamani ungekuwa pale unitukane kwa namna nilivyolishika kasia.

Kisha ikageuka. Sikuigeuza mimi. Pua yake ilijipinda taratibu kuelekea pembe ya kaskazini, penye matete, nami nilikuwa nimeliegemea kasia kwa uzito wangu wote kuirudisha. Ilipofika hatua kumi kutoka kwenye matete ikasimama. Tanga limejaa upepo, kamba zimekaza mpaka zinalia, na chombo hakiendi. Maji pale yalikuwa yametulia kama mafuta ya kupikia kwenye sufuria, ingawa kwengine kote yalikuwa na mawimbi madogo. Nikafikiri ni magugu yamelishika tengo la kushoto. Nikaingiza mkono wa kuume nikapapasa chini yake. Hapakuwa na gugu. Palikuwa na baridi tu. Niliutoa mkono haraka, na baridi ile ikatoka nao.

Nilivuta kwa kasia mpaka ufukweni, nikajaribu tena, na tena. Mara tatu ilikwenda pale pale ikasimama. Mkono wangu wa kuume tangu saa ile haukupata joto. Niliuweka juu ya moto, nikauchovya kwenye maji ya chai, nikaulalia. Ulifanya kazi zote, uliandika, ulishika nyundo, lakini ukiugusa ungesema ni wa mtu mwengine. Niliogopa, Baba, na sioni haya kukuambia.

Mwalimu Kageha alinihurumia. Tulipokuwa tunakunja tanga alisema, bila kunikaribia, "Mwarimu, wewe ni mtu wa pwani, hakuna mtu amekuambia. Hiyo mti hatukatangi."

"Kwa nini?"

"Ni mti ya kiapo. Mtu akishukiwa, anashikishwa murembe anaapa. Akidanganya, ile kiapo inamkula porepore. Sasa hiyo yako, Mzee Barasa aliishika mbele ya watu wote. Akasema hajamwona Simiyu ile siku, na hajui mahali yuko."

Mzee Barasa ni ndugu mdogo wa marehemu mume wa Mama Simiyu. Anakaa ng'ambo ya bwawa, na katika miaka yangu mitatu sijawahi kumwona akilisogelea. Hata ng'ombe wake huwapeleka mtoni, mwendo wa saa nzima. Nikamuuliza Kageha, basi mti ukikatwa inakuwaje? Akaangalia mkono wangu. "Kiapo inakosa mahali ya kukaa," alisema. "Inakaa kwa mwenye alikata. Mpaka ukweri isemwe."

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira. Mama Simiyu alikuwa anasonga obusuma, sima yao. Nikamwambia, Mama, ulijua. Hakukana. Aligeuza sima, akaipua, akaketi kwenye kigoda. Akasema kwa miaka saba amewaomba vijana wa hapa, wa ukoo na wasio wa ukoo, waukate mti ule, na hakuna aliyethubutu kuukaribia hata na kisu cha mboga. Alitaka kiapo kitoke mtini kitembee, kikamtafute mwenyewe. "Halafu wewe unakuja unaniuliza, kama mtu anaomba chumvi. Si Waswahili mnasemanga, mgeni njoo mwenyeji apone? Mimi nilikuwa mgonjwa, mwalimu. Watu waliniambia nizike mgomba kwa mahali yake, vile tunafanyanga mtu akipotea. Ningezika mgomba aje, na sijui kama amekufa?"

Nikamuuliza, na mkono wangu je? Aliushika, Baba. Wa kwanza kuushika tangu siku ile nilipoukata mti. Akaufunika kwa mikono yake miwili, akalia, akasema, "Nisamehe, mwanangu." Sikuwa nimemsamehe, lakini sikuutoa. Alinipakulia, tukala.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi, nimetoka kazini, nikamkuta Mzee Barasa amesimama kando ya ngalawa. Alivaa koti la kanisani na viatu vyake vya ngozi. Alikuwa amekonda mpaka koti limemning'inia. Aliniambia kwamba tangu mti ukatwe hajalala, kwa sababu kila akifumba macho anasikia mtu anachonga mbao. Mimi sijawahi kuchonga usiku, Baba, na tezo yako ilikuwa chini ya kitanda changu. Akasema, "Nivushe."

Niliogopa kumpakia na niliogopa kumkatalia. Alikaa mbele, mikono magotini. Upepo haukuwepo kabisa, tanga lilining'inia kama nguo iliyoanikwa, na kasia sikulitia majini. Ngalawa ikaondoka yenyewe. Ilikwenda taratibu hadi pembe ya kaskazini, ikasimama hatua kumi kutoka kwenye matete.

"Ni hapa," alisema Mzee Barasa.

Akaendelea kuongea akiyatazama maji.

"Alikuwa anavuta nyavu. Asubuhi tuligombana juu ya mpaka ya shamba, mimi na yeye. Nikamkuta hapa, ameshikwa na matope mpaka kiuno, na inaendelea kumvuta. Akaniita Baba. Alikuwa ananiitanga Baba tangu ndugu yangu afe. Akanyosha mkono. Nikasema, wacha aogope kidogo, ajifunze heshima. Nikageuka kuangalia kama kuna mtu ananiona. Niliporudisha macho, ilikuwa maji tu." Akanigeukia. "Sikumsukuma, mwalimu. Hata kumsukuma sikumsukuma. Sikunyosha mkono."

Ngalawa ikaachiliwa. Sina neno jengine. Niliisikia chini ya miguu yangu ikiachiliwa, kama ng'ombe anapofunguliwa kamba. Nikapiga kasia, ikanitii mpaka ufukweni. Mzee Barasa alipokanyaga nchi kavu alinipa mkono, nami nikaupokea kwa mazoea. Wake ulikuwa wa moto. Tulishikana kitambo. Tulipoachana wangu ulikuwa umepata joto, mpaka ncha za vidole. Yeye aliutazama wake, akautia mfukoni mwa koti, na tangu siku hiyo sijauona nje.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, alikwenda kusema yote mbele ya Mama Simiyu na wazee wa ukoo. Nilikuwepo. Mama Simiyu hakupiga kelele. Alimuuliza kitu kimoja tu: "Mwisho aliita nini?" Mzee akasema, "Baba." Mama akainuka, akaingia jikoni, akafunga mlango. Polisi walikuja, wakaandika maelezo, wakamchukua mzee na kumrudisha baada ya siku tatu, wakisema wataendelea kumwita. Wapiga mbizi walipapasa matope siku mbili nzima, wakatoka na buti moja la mpira, la mguu wa kushoto.

Basi ilibidi wazike. Wazee wakaleta mgomba, kama ada yao ilivyo. Mama Simiyu akaukataa. "Mgomba haikumjua," alisema. "Hii inamjua." Akalishika tengo la kushoto, akalifungua kamba kwa mikono yake, akalilaza juu ya mkeka. Kisha akatoa lile shati jeupe sandukuni. Alilivisha tengo lile, Baba. Kola ilikaa sawasawa pale nilipochonga shingo, na akakifunga kifungo cha juu. Urefu ulikuwa wa Simiyu, mama mwenyewe alisema, wala hakuna aliyenipa kipimo. Tulilizika Jumamosi, na buti miguuni. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba, na halikuwa jepesi. Tulikuwa wanne na tulitua njiani mara mbili.

Baada ya mazishi watu wote walinipa mkono, mmoja mmoja, foleni nzima.

Sasa nimebaki na tengo la kulia. Liko ukutani, na kila asubuhi bado linalowa. Mzee Barasa huja kila siku, hukaa kwenye jiwe na kulitazama. Juzi alikuja na uzi wa katani, akalipima kwa mkono wa kushoto, kisha akajipima yeye mwenyewe toka utosini hadi kisiginoni. Akaniomba akifa lizikwe pamoja naye, ili kiapo chote kiende ardhini kisibaki juu ya mtu. Nimemwambia sina uwezo huo, mti una mwenyewe. Mama Simiyu nilipomwuliza alijibu kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake: "Asipewe. Alimnyima mtoto wangu mkono, na mimi namnyima mti." Simlaumu. Lakini kila nikipita uani ninaliona tengo lile limesimama linangoja, na mimi ndiye niliyelichonga. Niambie, Baba, nifanye nini. Nilichome? Nimpe kwa siri? Wewe umekata miti mingi kuliko mimi, na hukuwahi kuniambia kama kuna uliojutia.

Ngalawa yako imebaki mtumbwi tu, haiwezi kusimama majini bila matengo. Nimeigeuza kifudifudi uani na kuku wanatagia chini yake. Tezo nitairudisha mwenyewe nikija likizo, tukae wote ukumbini, wewe useme na mimi nishike, tuunde nyengine kwa gogo la mwembe wa kwetu, ambao nimecheza chini yake na habari zake ninazijua.

Mpe Mama mkono kwa niaba yangu, na Mwanasha auguse wa kwako sasa hivi, hapo anaposoma. Nisalimie Ami Juma, nduguyo, mwambie bado nakumbuka deni langu la kumpeleka kuvua. Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya mikoko na shemeji yangu, mume wa Mwanasha, anayedai bara hakuna la ajabu. Msomee dua Simiyu, hata kama hakuwa wa dini yetu. Na mnisomee mimi.

Ni mimi mwanao wa pili, seremala wa viti,
Bakari

Baba, nimeifungua tena bahasha. Ni Jumatatu asubuhi. Nimetoka nje kwenda kazini nikaligusa tengo, na ni kavu. Kavu kabisa, kote, mara ya kwanza tangu nilichonge, na chini yake hapana tope. Nimesimama hapo mlangoni nikaona watu wanapita njia ya bwawani kuelekea kwa Mzee Barasa, kimya, na wengine wamebeba viti vya msibani.

Mama Simiyu ametoka jikoni, akawatazama mpaka wakaisha. Kisha amekuja ukutani, amelishika tengo upande wa kichwa, akaniambia, "Mwalimu, shika huko chini. Tumpelekee."